Kitanda Kisichoandikwa na Daktari

Nimonia ya mzee wa miaka 82, ikiwahiwa, mara nyingi hutibika. Antibiotiki huanza kupita kwenye mshipa siku ile ile ya kulazwa, oksijeni hupunguzwa kidogo kidogo, na baada ya wiki homa imeshuka na vipimo vya damu vinaridhisha. Ndipo hugundulika tatizo la pili, ambalo mgonjwa hakuja nalo: hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mikono yote miwili. Kabla ya kuugua alikuwa akienda dukani kwa miguu na kupanda ngazi za nyumba yake bila msaada. Chukua mfano wa London: ina nyumba nyingi za safu, za zamani, ambazo bafu na choo viko ghorofani. Kwa mwenye nyumba ya namna hiyo, miguu ndiyo huamua kama atarudi kwenye maisha yake ya awali, atahamishiwa kitanda sebuleni, au atatafutiwa nafasi katika nyumba ya kulelea wazee.

Hali hii si ya bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliofuatilia wagonjwa wa miaka 70 na zaidi, ulikuta kwamba takribani asilimia 35 waliondoka hospitalini wakiwa na uwezo mdogo wa kujihudumia kuliko kabla ya kuugua. Baadhi yao walidhoofika wakiwa wodini. Wengine walidhoofika nyumbani, ugonjwa ulipoanza, na siku za wodini hazikuwarudishia walichopoteza. Makundi yote mawili yanauliza swali moja: zile saa ambazo hakuna dawa inayotolewa wala kipimo kinachofanyika, mgonjwa anafanya nini?

Imani kwamba mtu hupona kwa kulala ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya London. John Hilton, daktari mpasuaji wa Guy's Hospital, alitoa mihadhara mwanzoni mwa miaka ya 1860 juu ya mapumziko kama tiba, na mwaka 1863 mihadhara hiyo ikawa kitabu kilichosomwa na vizazi vya madaktari. Hoja yake ilikuwa na mantiki, kwani kiungo kilichovunjika au kuvimba huhitaji kutulizwa. Kosa lilikuja pale kanuni ya kutuliza kiungo ilipogeuka kuwa kanuni ya kulaza mwili wote. Aliyepata shambulio la moyo alilazwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi sita. Mzee aliyepooza upande mmoja alilazwa tu, bila tarehe ya kuinuka.

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, iliyoko Isleworth, magharibi mwa jiji, ilikabidhiwa hospitali jirani ya nyumba ya maskini pamoja na wagonjwa wake 714. Wodi hizo alipewa daktari Marjory Warren. Alikuta wazee waliokaa kitandani miaka, wengine bila ugonjwa wao kutambuliwa sawasawa, wakiwa wamechanganywa na vijana wenye ulemavu na wenye maradhi ya akili. Alimpima kila mmoja. Akawagawa kwa mahitaji yao, akabadili rangi za kuta, akaongeza mwanga, akaweka vishikio vya kushikilia wakati wa kutembea, na akaanza kuwaamsha. Vitanda vya kundi hilo vilipungua hadi takribani 240, kwa sababu watu waliohesabiwa kuwa wa kudumu walianza kurudi makwao. Makala zake za 1943 na 1946 zimewekwa katika misingi ya tiba ya wazee kama fani inayojitegemea, na anastahili kufahamika zaidi ya anavyofahamika. Hakugundua dawa mpya. Alikataa tu kuamini kwamba aliyelala muda mrefu hana uwezo wa kusimama.

Mwaka 1947 Richard Asher, daktari wa hospitali ya Central Middlesex, kaskazini-magharibi mwa London, alichapisha katika jarida la British Medical Journal makala fupi kuhusu hatari za kwenda kitandani. Alipita sehemu moja ya mwili baada ya nyingine, kuanzia mapafu, mishipa ya damu na ngozi hadi misuli, mifupa, njia ya mkojo, utumbo na akili, akionyesha madhara ambayo kitanda huleta kwa kila sehemu. Miaka mitano baadaye, mjini Boston, Samuel Levine na Bernard Lown walieleza matokeo mazuri ya kuwakalisha kwenye kiti wagonjwa wa shambulio la moyo badala ya kuwalaza. Kisha mwaka 1999 jarida la The Lancet likatoa uchambuzi wa majaribio 39 ya tiba ya kulala kwa maradhi 15 tofauti. Katika majaribio 24 ambayo wagonjwa walilazwa baada ya upasuaji au kipimo, hakuna tokeo lililoboreka kwa kiwango cha kuaminika. Katika yale 15 ambayo kulala kulikuwa ndiyo tiba yenyewe, hali ilikuwa ile ile. Baadhi ya matokeo yalizidi kuwa mabaya.

Kwa hiyo hoja ya kitabibu ilikwisha zamani. Daktari wa wodi ya wazee leo haandiki kwenye faili kwamba mgonjwa alale wiki nzima. Na bado mgonjwa analala. Mwaka 2009 watafiti wa Alabama walichapisha matokeo ya kuwafunga wagonjwa 45, wanaume wazee ambao kabla ya kulazwa walikuwa wakitembea wenyewe, vifaa vidogo vya kupima mwendo pajani na kwenye kifundo cha mguu. Walitumia asilimia 83 ya muda wao wakiwa wamelala. Kusimama na kutembea, vikijumlishwa, vilichukua kama dakika 43 kwa siku. Zamani kitanda kiliandikwa na daktari. Sasa hakiandikwi na mtu, na jambo lisiloandikwa na mtu ni gumu kufutwa na mtu.

Mwili wa mzee hauna akiba kubwa ya kupoteza. Kijana akiinuka kwenye kiti hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za mapaja yake. Mtu wa miaka 85 anaweza kuwa anatumia karibu zote, kila mara, bila mwenyewe kujua. Upungufu mdogo unatosha kumshusha chini ya kiwango kinachohitajika, na hapo uwezo haupungui kwa robo, hutoweka wote. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama isiyo mafuta miguuni, na nguvu za kunyoosha goti zilishuka kwa takribani asilimia 15. Watu hao hawakuwa na homa na walikuwa wakila chakula kilichopimwa. Mgonjwa wa wodini ana ugonjwa unaokula misuli kutoka ndani, na sahani yake mara nyingi hurudi jikoni ikiwa nusu. Kutokana na matokeo ya aina hii ulizaliwa msemo uliozunguka sana katika hospitali za Uingereza, kwamba siku 10 za kitandani huzeesha misuli kwa miaka 10. Utafiti wenyewe haukupima jambo hilo. Msemo umevutwa kupita ushahidi, na ni hasara, kwa sababu takwimu halisi zinatisha vya kutosha.

Misuli ni sehemu moja tu. Mtu akilala siku chache, ujazo wa maji ya damu hupungua, na mishipa husahau kazi yake ya kubana pale anaposimama. Siku atakayoinuliwa, shinikizo la damu litashuka ghafla na kichwa kitazunguka. Sehemu za chini za mapafu hazijai hewa vizuri na makohozi hutuama. Utumbo hupunguza mwendo. Ngozi ya visigino na makalio hubanwa kati ya mfupa na godoro hadi vidonda vya kulalia vianze. Asiyejua kama ni asubuhi au jioni, kwa sababu haoni kitu ila dari, yuko karibu zaidi na ule mkanganyiko wa akili wa ghafla ambao madaktari huuita deliriamu. Na madhara haya hushikana. Mgonjwa aliyeinuliwa siku ya nne huyumba, muuguzi humrudisha kitandani kwa usalama wake, na kwenye faili huandikwa kwamba ana hatari ya kuanguka. Maandishi hayo humweka kitandani siku ya tano.

Ukiitazama wodi kwa jicho la fundi, utaona vitu vinavyomshikilia mgonjwa kitandani. Mpira wa mkojo huwekwa kitengo cha dharura kwa sababu nzuri, kupima mkojo wa mtu aliye mahututi, kisha hubaki siku kadhaa baada ya sababu kuisha. Mwenye nao hana haja ya kwenda chooni, na safari ya chooni ndiyo matembezi yenye maana kuliko yote ya siku ya mgonjwa, kwa kuwa ina lengo na hujirudia. Dripu ya maji huachwa ikiendelea kwa mtu anayeweza kunywa. Kiti cha kando ya kitanda ni cha chini mno kwa magoti yake, au kimejaa mikoba. Fimbo imebaki nyumbani, na miwani pia. Anayeweza kutembea hadi chumba cha eksirei husukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu foleni ya eksirei haisubiri mwendo wa mzee.

Halafu kuna mavazi. Mwaka 2018 hospitali nyingi za Uingereza zilishiriki kampeni ya siku 70, kuanzia Aprili hadi Juni, ya kuwavua wagonjwa pajama na gauni la hospitali na kuwavisha nguo zao wenyewe. Kwa wasomaji wa lugha hii sababu haihitaji maelezo marefu. Gauni lililo wazi mgongoni halimruhusu mama wa Kiswahili kutoka kwenye pazia lake, sembuse kutembea korido yenye wanaume. Dera, kanga mbili na viatu vilivyoshika kisigino humtoa kitandani mapema kuliko mawaidha ya daktari. Kwa mzee kama huyo hivyo ni vifaa vya tiba, na familia isiyovileta siku ya kwanza imemnyima kitu anachokihitaji.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, kiko kwenye hesabu. Kuanguka wodini ni tukio. Kuna fomu, kuna saa, kuna jina la aliyekuwa zamu, na kuna familia inayopigiwa simu. Ripoti ya mwaka 2017 iliweka idadi ya matukio hayo katika hospitali za England kwenye takribani robo milioni kwa mwaka. Kupoteza uwezo wa kutembea si tukio. Hakuna saa lilipotokea, na hakuna fomu. Muuguzi aliyempeleka mzee chooni, mzee akaanguka, atahojiwa. Aliyemwacha amelala siku sita hatahojiwa na mtu. Mfumo unaohesabu upande mmoja tu humsukuma kila mfanyakazi mwenye busara upande wa kitanda, hata akiwa mwema na mwenye ujuzi. Ubaya ni kwamba kumlaza mtu si kinga ya kuaminika, kwa kuwa miguu iliyodhoofika huanguka kirahisi zaidi siku itakapotumika. Hata vile ving'ora vya kitanda, vinavyolia mgonjwa akijaribu kuinuka, vilipojaribiwa katika hospitali moja ya Marekani, kwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 27,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha kwamba vilipunguza kuanguka.

Ushahidi kwamba hesabu ndiyo yenye nguvu uko katika hospitali hizo hizo, ghorofa chache kutoka wodi ya nimonia. Mwaka 2007 Uingereza ilianzisha daftari la kitaifa la wagonjwa waliovunjika nyonga. Mwaka 2011 taasisi ya kitaifa ya miongozo ya tiba, NICE, ikaelekeza kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga aanze kusimamishwa kesho yake, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu au ya kiupasuaji inayozuia. Hospitali za England hupata malipo ya ziada kwa kutimiza vigezo maalumu, na tangu 2017 kimojawapo ni kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, siku ya upasuaji au siku inayofuata. Matokeo ya kila hospitali huchapishwa. Ndiyo maana bibi wa miaka 88 mwenye chuma kipya ndani ya paja anaweza kusimama kando ya kitanda kesho yake, huku jirani yake mwenye miguu mizima na ugonjwa wa kifua akiwa hajagusa sakafu tangu Jumatatu. Tofauti yao haiko katika mifupa wala mapafu. Mmoja ana mtu ambaye kazi yake ni kumsimamisha na daftari linalouliza kama alisimamishwa. Wa pili hana.

London ina wazee wengi ambao lugha hii, au ndugu yake, ni ya nyumbani. Wako waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, Wabarawa wa kaskazini mwa jiji wanaozungumza Chimiini, Wakongo na Wakenya. Aliyeingia mwaka 1972 akiwa na miaka 30 sasa amevuka 80, na huu ndio umri wa kulazwa. Katika wodi mambo mawili humpata. La kwanza ni lugha: asiyeweza kusema haraka kwamba anataka kwenda chooni hungoja, kisha huvishwa nepi, na nepi humwondolea safari. Familia ikiandika maneno machache ya lazima kwenye karatasi, kwa lugha zote mbili, na kuyabandika karibu na kitanda, itakuwa imefanya kazi ambayo mkalimani wa simu hawezi kuifanya usiku wa manane.

La pili ni upendo wenyewe. Wageni huja kumjulia hali, wakazunguka kitanda, wakamlisha uji kwa kijiko na kumwambia apumzike. Mwana anayemzuia mamake kuinuka anaamini anatimiza wajibu. Nguvu hiyo hiyo inaweza kuelekezwa kwingine. Wageni wakae kwenye viti na mgonjwa akae nao kwenye kiti. Ale akiwa amekaa, kwa mkono wake. Nyama, samaki, mayai au maharage vitangulie uji, kwa kuwa misuli hujengwa kwa protini. Mmoja amsindikize chooni na mwingine hadi dirishani. Kwa Mwislamu, sala ina mpangilio uliokwisha kuwepo: fiqhi humtaka asimame, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu. Ruhusa ya kulala ni ya asiyeweza, na kila wakati wa sala ni nafasi ya kupima upya anachoweza. Mzee anayekataa mazoezi ya mtaalamu kwa sababu anayaona ya kitoto anaweza kukubali kukaa wima kwa ajili ya Adhuhuri.

Wajibu wa ndugu umetambuliwa hata na mfumo wenyewe, kwa njia ya uchungu. Mwandishi Nicci Gerrard na mwenzake Julia Jones walianzisha Kampeni ya John mwaka 2014, baada ya babake Gerrard, Dk. John Gerrard, kulazwa wiki tano kwa vidonda vya mguu. Alikuwa na maradhi ya kusahau, lakini aliingia akitembea. Ziara za familia zilizuiliwa kwa kiasi kikubwa. Alitoka hawezi kutembea wala kujihudumia, na akafariki Novemba mwaka huo. Kampeni inadai kwamba anayemtunza mtu mwenye maradhi ya kusahau asihesabiwe mgeni wa saa za ziara, na hospitali nyingi nchini zimekubali. Anayekwenda London kumuuguza mzazi wa aina hii aulize habari hiyo siku ya kwanza.

Je, juhudi hizi huleta kitu kinachopimika? Mjini Pamplona, Hispania, wagonjwa 370 wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma ya kawaida, nusu walipewa mazoezi ya nguvu, usawa na kutembea mara mbili kwa siku, kama dakika 20 kila mara, kwa siku tano hadi saba. Wastani wa umri wao ulikuwa 87. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kundi la huduma ya kawaida lilipoteza wastani wa pointi 5 kwenye kipimo cha kujihudumia chenye pointi 100, na kundi la mazoezi halikupoteza. Kabla yake, mwaka 1999, Sharon Inouye na wenzake wa Yale walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Mpango uliochanganya kutembezwa, kunyweshwa maji, usingizi, miwani na vifaa vya masikio ulipunguza deliriamu kutoka asilimia 15 hadi chini kidogo ya 10. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wa kujitolea waliofunzwa.

Wapo wasiopaswa kuharakishwa: mwenye mfupa usiotulia, mwenye mapigo ya moyo yaliyovurugika, aliye katika siku zake za mwisho na anataka utulivu. Hao daktari awaandikie kitanda, kwa sababu na kwa muda uliotajwa, kama anavyoandika dawa nyingine yoyote. Waliobaki waandikiwe kinyume chake: jinsi mgonjwa alivyotembea wiki mbili kabla ya kuugua, alivyotembea leo, na umbali wa kesho. Mistari hiyo mitatu ikisomwa wakati wa kupokezana zamu, pamoja na shinikizo la damu na joto la mwili, kutotembea nako kutapata saa na jina la mtu.

Na kwa wanaojiandaa kumtoa mzee wao: nguvu zilizopotea hazirudi kwa kukaa nyumbani. Nchini England kuna huduma ya kumrudishia mtu uwezo baada ya hospitali, inayotolewa nyumbani kwake au katika kituo, na kwa wanaostahili ni bure hadi wiki sita. Hupangwa na timu ya wodi kabla ya kuruhusiwa. Familia iiombe kwa jina, iulize itaanza lini, na isisubiri hadi mzee afikishwe mlangoni ndipo itafute njia kupitia daktari wa mtaa.